Niliambiwa Nijikaze — Sehemu ya Tisa: Sindano ya Kulegeza

Mliniacha nimelala chali kwenye kitanda cha daktari, magoti juu, kona ya khanga nimeiuma kwa meno, na Daktari Hajira ameshika sindano ambayo sikuthubutu kuitazama mara mbili.

Na wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa maandazi, nikuambie kwa kifupi. Naitwa Winfrida. Nashona sare za shule hapa Moshi, Majengo. Tangu nimzae mwanangu Lucky, kuna maumivu yamehamia chini ya nyonga zangu, yakapanga chumba na hayataki kuhama. Kukaa kwenye cherehani ni kukalia kaa la moto. Mume wangu Mathew akinisogelea, mwili unajifunga kama komeo. Yeye anageukia ukutani kwa hasira, mimi nageukia upande wa pili na machozi yangu.

Mathew ni dereva wa Fuso, anapakia ndizi Himo kupeleka Dar. Zamani aliniuliza ninaumwa nini. Siku hizi ananiuliza nina nani.

Mama mkwe wangu, Mama Bernadetha, ndiye aliyenilea uzazi kule kwake Kirua, mlimani. Alinilisha mtori wa ndizi, akanifunga tumbo, akanifundisha kubana.

"Ukikaa, bana. Ukisimama, bana. Ukimenya ndizi, bana. Mwanamke aliyezaa akijiachia, mume anamhama."

Nikabana. Mimi ni mtu niliyesoma kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikitoka kushona natembea na madaftari kwenye mfuko wa rambo. Nikipewa zoezi nalifanya mpaka mwisho. Nilibana nikipika, nilibana kanisani, nilibana hata nikilala.

Haya, sasa turudi kitandani.

"Winfrida, kabla sijakuchoma, kunja ngumi," Daktari Hajira alisema.

Nikakunja.

"Kaza. Usiachie mpaka nikuambie."

Akaanza kupiga stori. Akaniuliza Lucky anakula nini, ameota meno mangapi, anamuogopa nani. Mimi najibu, mkono unaanza kuchoka. Kisha ukaanza kuuma. Kisha ukaanza kutetemeka.

"Daktari, naweza kuachia?"

"Unauma?"

"Unauma sana."

"Nikiupiga picha huo mkono, nitaona kidonda?"

"Hapana."

"Nikikupa dawa za U.T.I., utapona?"

Nikacheka na machozi yananitoka. Nilishakunywa dawa za U.T.I. za vituo vyote vya mji huu.

"Basi misuli yako ya huku chini imekunja ngumi tangu ulipojifungua," alisema, "na wewe mwenyewe hukumbuki uliikunja lini. Mazoezi ya kupumua tumefanya, imeachia kidogo tu. Dawa hii itailazimisha ipumzike. Si leo, wala si kesho. Siku chache, pengine wiki mbili. Itakaa kama miezi mitatu, na ndani ya hiyo miezi mimi na wewe tutaufundisha mwili kazi uliyoisahau."

"Kazi gani?"

"Kuachia."

Akachoma. Nisikudanganye msomaji, iliuma. Akachoma upande wa pili. Nikaiuma khanga mpaka nikasikia uzi unakatika.

"Achia, Winfrida."

"Sijui kuachia, daktari."

Sikujua kama nitalisema hilo neno. Lilitoka lenyewe. Yule mama wa watu akaweka vifaa vyake chini, akanishika bega, akasubiri mpaka nilipomaliza kulia.

Akanipa masharti. Nisibane tena, hata mtu aniambie nini. Nisikandwe na maji ya moto. Mume asubiri mpaka nirudi kliniki. "Na usishtuke," akaongeza, "siku za mwanzo unaweza kutokwa na upepo bila taarifa."

Nje, kwenye benchi, alikuwa ananisubiri Victoria na Lucky wangu mapajani.

Victoria ndiye mpambe wangu wa harusi. Ndiye aliyenishikia gauni nisikanyage matope. Siku ya uchungu ndiye aliyeniitia bodaboda. Katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyejua kwamba nakwenda kwa Daktari Hajira.

Nikamsimulia habari ya upepo.

"Weh! Sasa kanisani itakuwaje?"

"Sijui, Vicky."

"Utamsingizia Lucky. Unamtazama kwa hasira, unasema, mtoto huyu maharage yamemkataa!"

Tukacheka mpaka nesi akatuangalia. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu niolewe.

Kisha akainama. Akawa anamfunga Lucky kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Kwa hiyo hizo wiki zikiisha utakuwa mzima?"

"Daktari anasema kuna matumaini makubwa."

"Mzima kabisa? Wa kulala na mume?"

"Ndiyo, shoga. Niombee."

"Mathew anajua?"

"Nitamwambia nikishapona. Nataka siku hiyo nimpikie, nimvalie lile dera la bluu, nisimame mbele yake bila hofu. Nimshangaze."

Victoria akasema, "Atashangaa kweli."

Mimi nikalisikia hilo kama dua.

*

Siku chache baadaye nilikuwa naweka vifungo kwenye mashati ya shule nikiwa nimesimama, kama kawaida yangu, nikamwona mama mkwe ameingia uani. Hakubisha hodi. Mkungu wa ndizi aliokuja nao aliutupa chini kama mzoga.

"Shikamoo, mama."

"Nani amekuchoma sindano ya kulegea?"

Shikamoo yangu ikabaki hewani mpaka leo.

"Mama, karibu kwanza ukae..."

"Sikai! Nauliza, nani amekuchoma?"

"Ni daktari, mama. Naumwa. Misuli imekaza, inatakiwa..."

"Imekaza!" Akapiga makofi kuwaita majirani kwa ushahidi. "Jamani, njooni mnisikilizie! Wanawake wenzake wanatafuta kukaza, wanatafuta shabu, wanatafuta mizizi, wanatafuta waganga. Huyu amekazwa na mikono yangu, bure, miezi mitatu nikimchemshia maji, ameondoka zake kwenda kulegezwa hospitali!"

"Mama, polepole, watu wanasikia."

"Wasikie! Mlango hautiwi mafuta kama hakuna anayeingia usiku. Mwanangu yuko barabarani anakula vumbi. Umemlegezea nani?"

Msomaji, kuna maneno ukiambiwa na mtu mwingine unajibu. Ukiambiwa na mwanamke aliyekuogesha ukiwa huwezi kusimama, unabaki unamtazama tu.

"Nani amekuambia, mama?"

"Mwenye uchungu na mwanangu."

Akashika mkono wa Lucky, akambusu utosini, akageuka kuondoka. Mlangoni akatoa hukumu.

"Jumapili baada ya misa, ukoo unakaa. Meku Melkior ameshaitwa. Uje na isale, umwombe mume wako msamaha mbele za watu. Usipokuja nalo, utateremka kwenda kwenu Sanya Juu na nguo zako. Lucky ni wa ukoo. Atabaki."

Kwa asiye wa huku: meku ni mzee wa heshima, na isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Mkosaji hulifunga fundo, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwa aliyemkosea. Na isale halikataliwi. Wazee wanasema hata kama mtu amemwaga damu ya nduguyo, akija na isale unatoka nje unamsikiliza. Ukilipokea, neno limekwisha. Hutalitaja tena, wala watoto wako hawatalitaja.

Lakini anayelibeba amekiri. Na mimi nikiri nini? Kwamba nimeumwa?

Nikampigia Mathew. Nikasikia injini inanguruma, na redio.

"Baba Lucky, mama amekuja hapa..."

"Nimeshasikia."

"Umesikia nini?"

"Kwamba mke wangu anafunuliwa na madaktari, mimi napewa mgongo."

"Naumwa, Mathew! Nilitaka nipone kwanza ndipo nikuambie."

Akaizima redio. Nilidhani simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikuizoea, "Wini, njoo tu Jumapili. Yaishe."

Alikuwa hajaniita Wini tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Nikaikumbatia hiyo Wini kama mjinga.

Nikampigia Victoria. Haipokelewi. Nikapiga tena, haipatikani. Nikakaa chini, nikajumlisha mbili na mbili. Aliyejua ni mmoja. Aliyesema ni huyo huyo.

Jioni ukaja ujumbe wake: *Nisamehe shoga. Mdomo wangu umeniponza. Nitakuja kukuomba kwa mikono yangu mwenyewe.*

Niliusoma nikamlaani. Nikausoma tena, nikamkumbuka akinishikia gauni. Victoria anapenda kuongea, nikajiambia. Ameteleza. Nani hajateleza?

Hivyo ndivyo nilivyoumbwa. Mtu akinipa nusu ya samahani, nusu nyingine naijazia mwenyewe.

*

Jumapili nikapanda Kirua. Misa ilikuwa ndefu. Padri alikuwa anaaga, na akiaga padri, kila jumuiya lazima iimbe.

Tulipofika kwenye matangazo ndipo nikashtuka.

Nilikuwa nimekaa.

Nimekaa kwenye benchi la mbao, lile lile ambalo mwaka mzima nimekuwa nikilikimbia kwa kujifanya mtoto analia ili nisimame nje. Nimekaa tangu somo la kwanza. Nikatafuta maumivu, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Nikayakuta kwa mbali, madogo, yanafunga mizigo.

Nikamkumbatia Lucky mpaka akasema "mama, aii." Nililia kwenye nywele zake. Akina mama waliokaa nyuma yangu, nadhani, walisema huyo anajua alichokifanya.

Isale sikuchuma. Niliyapita masale ya kihamba chote, yamejipanga mpakani, yananiangalia. Nikayaacha.

Kikao kilikuwa uani, kwenye viti vya plastiki. Meku Melkior, kaka yake marehemu baba mkwe, katikati na fimbo yake. Baba mdogo Sirili pembeni na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mama Bernadetha amekaa mbali kidogo, khanga ameikaza kifuani kama mtu anayekwenda kupigana. Mathew hakuwepo. Walisema Fuso ameiegesha barabarani, anakuja.

"Shikamoo, Meku. Shikamoo, baba mdogo. Shikamoo, mama."

Wawili wakaitikia.

"Isale liko wapi?" Meku akauliza.

"Sikuja nalo, Meku. Naomba kwanza nisikilizwe."

Sirili akacheka puani. "Mwanamke wa masomo ya jioni huyu. Ataanza kutusomesha sasa."

Nikamgeukia. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nadhani niliutoa kwenye lile benchi la kanisani.

"Ndiyo, baba mdogo, naomba nikusomeshe kidogo. Weka kata chini. Kunja ngumi."

"Nimpige nani?"

"Usimpige mtu. Ikunje tu, kaza sana. Usiachie mpaka nikuambie."

Akakunja kwa madaha, anawakonyeza wenzake. Mimi nikaanza kusimulia. Nikasimulia uchungu wa kumzaa Lucky, siku nzima na usiku wake. Nikasimulia nilivyoshonwa. Nikasimulia nilivyoambiwa nibane, nikabana. Nikasimulia cherehani. Nikasimulia Mathew akigeukia ukutani. Sikutaja mengi, mbele ya wakwe mtu hasemi yote, lakini walielewa. Wote ni watu wenye watoto.

Katikati Sirili akaingilia. "Mama Lucky, niachie sasa?"

"Bado, baba mdogo. Jikaze."

Meku akaguna. Ilikuwa ni kicheko, anakificha kwenye ndevu.

Nikaendelea na dawa za U.T.I. Nikaendelea na mizizi niliyonyweshwa. Mkono wa Sirili ulianza kutikisika, na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"We mwanamke, huu mkono unakufa!"

"Mwanaume mzima, baba mdogo? Hujamaliza hata kata moja ya mbege. Mimi nimekunja wangu tangu Lucky hajafumbua macho vizuri. Na kila niliyemwambia unauma, aliniambia nijikaze."

Ukasikia kuku wakichakura chini ya migomba.

"Achia, baba mdogo."

Akaachia. Akautazama mkono wake kama amekabidhiwa wa mtu mwingine. Vidole havikutaka kunyooka mara moja, akavinyoosha kimoja kimoja kwa mkono wa pili.

"Ruwa wangu," alisema, akimwita Mungu kwa Kichagga.

"Hiyo sindano ndiyo iliyoniambia achia. Haikunilegeza kwa ajili ya mwanaume yeyote. Leo asubuhi nimekaa kanisani misa nzima."

Mama Bernadetha alikuwa ameinama. Aliposema, sauti yake haikuwa ile ya uani kwangu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuumiza."

"Hapana, mama. Ulinipa ulichofundishwa."

"Hata mimi..." Akasita. Akatazama wanaume, akatazama chini. "Hata mimi, tangu nimzae Mathew, sijawahi kukaa misa nzima. Nilidhani ndiyo uzazi."

Msomaji wangu, tangu nianze kukusimulia habari hizi, wiki hii ndiyo ya kwanza nilipoona mlango wazi. Meku Melkior akainua fimbo. Nilimwona anatafuta maneno ya kunisafisha.

Hapo hapo Lucky akasema, "Anti Viki!"

Victoria alikuwa anapanda njia ya kihamba. Amevaa gauni pana, kichwa amefunga kitambaa cheusi. Mbele yake, kwa mikono miwili, amebeba isale lenye fundo.

Alipiga magoti miguuni pangu, kwenye udongo. Akaninyooshea jani. Machozi yanadondoka juu yake.

"Nisamehe, Winfrida."

Moyo wangu ukayeyuka. Amekuja kweli, nikajiambia. Kwa mdomo mmoja ulioteleza, amepanda mlima na isale, kwa watu wasio wa ukoo wake, amejishusha mbele ya wazee. Ni wangapi wangefanya hivyo?

"Binti, subiri," Meku akasema. "Isale lina utaratibu. Kwanza ataje kosa, ndipo lipokelewe."

"Hakuna haja, Meku," nikajibu. "Kosa lake nalijua, amelipa vya kutosha. Asiaibike zaidi mbele za watu."

Nikanyoosha mkono. Nikalichukua.

Naomba uliweke gazeti chini kidogo, msomaji, unitukane. Nimeshajitukana vya kutosha, lakini ongeza na lako.

"Inuka, Vicky. Yameisha."

Hakuinuka.

"Hulijui, Wini."

"Nalijua. Ulimwambia mama habari za sindano."

"Nilimwambia ili ufukuzwe kabla hujapona."

Nilimsikia vizuri. Ila maana ilichelewa, kama mtu aliyekosa gari la kwanza.

"Kwa nini, Vicky?"

"Kwa sababu ukipona, atarudi kwako. Mathew." Akashika tumbo lake, na lile gauni pana likabana mahali ambapo gauni la msichana halibani. "Nina mimba yake, Wini. Ulipokuwa unaumwa alikuja kwangu kulalamika. Akazoea kuja. Nami nikazoea kufungua."

Mama Bernadetha alipiga ukelele ambao hadi leo sijui alikuwa anamlilia nani.

Na nyuma ya nyumba, kwenye kona ya banda la ng'ombe, akatokea Mathew. Hakuwa barabarani. Alikuwa amesimama pale pale, anasubiri. Alitazama mkono wangu, akaliona jani, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Amepokea?" aliuliza. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Victoria. "Ashukuriwe Mungu. Nilikuambia Wini hawezi kulikataa."

Sasa nikaielewa ile Wini ya kwenye simu.

"Limepokelewa," Sirili akasema taratibu, anakwepa macho yangu, bado anausugua mkono wake. "Tumeona sote. Mimi simpendi huyu kijana kwa alichofanya, lakini isale likipokelewa, limepokelewa. Neno limekwisha."

"Halijakwisha!" Ni mama mkwe. Amesimama, khanga imemlegea begani, kidole amekinyoosha kwa mwanaye wa kumzaa. "Amepokea hajasikia kosa! Mnamfungia mtu mzigo gunia limeshonwa, mnamwambia amenunua?"

"Meku alimwambia asubiri," Sirili akajibu. " Yeye ndiye hakusubiri."

"Hakusubiri kwa huruma!"

"Mila haina huruma, shemeji. Mila ni mila."

"Mama, naomba ukae," Mathew akasema.

"Nimekaa miaka thelathini kwa maumivu, Mathew! Leo sikai!"

Meku Melkior akagonga fimbo chini. Kelele zikakatika. Akanitazama muda mrefu, mzee yule, macho yake yenye ukungu yakishuka toka usoni mwangu mpaka mkononi.

"Winfrida, mwanangu," alisema, "mimi nimeamua kesi za isale tangu babu zao hawa wakiwa hai, na hili sijaliona. Kwa hiyo nitakuuliza wewe, mara moja tu, na utakalojibu ndilo litakalosimama. Hilo jani umelipokea, au umelishika tu?"

Mathew akanitazama. Victoria akanitazama. Lucky akavuta gauni langu, anataka abebwe.

Nami nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umekunja ngumi, isale limo ndani, vidole vimekuwa vyeupe; wala sikumbuki niliukunja saa ngapi.